Mwonjaji Aliyemaliza Chungu

Mke wangu amewahi kuwa dobi, mwokaji mikate, mpaka rangi, karani wa mapokezi na msaidizi wa fundi saa, na kazi yake halisi si hata moja kati ya hizo. Mimi ni fundi cherehani. Tangu nimuoe sijabadilisha kazi: cherehani ni ile ile, kibaraza ni kile kile, na wateja ni wale wale wanaoleta kitambaa leo wakitaka nguo jana. Kwa hiyo ukinisikia namsimulia huyu mwenzangu kwa sauti ya juu, usidhani najivuna. Nashangaa tu! Tumezaa mapacha, wamekua, wamejitegemea, na bado asubuhi akitoka mlangoni sijui jioni nitarudishiwa mke wa namna gani.

Kazi yake iko chuo cha ufundi. Ana ofisi ndogo iliyobanana na stoo ya mbao, meza moja, simu moja, na nje kuna benchi ambalo halijawahi kukosa kijana. Yeye ndiye anayewatafutia wanafunzi wa mwaka wa mwisho mahali pa mafunzo kazini, ile miezi wanayotoka darasani wakashike kazi yenyewe kabla ya kupewa cheti. Asiyepata mahali hapati cheti, na asiye na cheti anabeba begi lake anarudi kwao.

Zamani alifanya kama wenzake wote. Anapiga simu, anabembeleza, anapewa nafasi, anampeleka kijana na kumwombea heri. Mpaka siku moja akarudi kijana wa umeme aliyekuwa kwenye kampuni kubwa, jengo lote vioo. Mke wangu akamuuliza, umejifunza nini huko? Kijana alikuwa mkweli. Akafikiri, akasema, "Madam, bosi anakunywa chai bila sukari, mhasibu vijiko vitatu, na yule wa mauzo ukimpelekea ya vuguvugu ananuna mpaka kesho."

Weee! Siku hiyo kibaraza changu kilikuwa kidogo. Alikwenda huku, akarudi huku, mkoba bado uko begani. "Muhula mzima mtoto wa watu anabeba vikombe! Muhula mzima!" Mimi nikajitia hamnazo, nikaendelea kushona, nikajidunga sindano kidoleni. Akasimama mbele yangu. "Baba Pacha, wewe unaweza kumpakulia mtu chakula ambacho hujakionja?" Nikasema mimi sipiki. "Ndiyo maana," akasema, kana kwamba nimekubali kosa. Kesho yake akaniletea kitambaa cha bluu nimshonee ovaroli.

Hivyo ndivyo alivyoanza kuonja. Kabla ya kumpeleka kijana mahali papya, anachukua siku zake za likizo anakwenda yeye kwanza, kama mwanafunzi. Hakuna anayeshangaa, maana watu wazima wanaorudi shule ni wengi siku hizi, na mke wangu akivua miwani na kufunga kitambaa kichwani ana sura ya mtu aliyechelewa kuanza maisha. Anataka kujua kama watamwachia ashike kifaa, au watampa ufagio na kumsahau. Na kabla hajaondoka lazima afanye kosa moja la makusudi. Si kosa la kuua mtu, ni la kumwaga, la kukata pasipotakiwa, la kufunga kinyume. Kisha anatulia anamtazama fundi usoni. Akitukanwa, pale hapafai. Kosa likifichwa mteja asione, hapafai vilevile. Akiambiwa "Hebu njoo nikuonyeshe tena," anarudi nyumbani anaimba.

Wanafunzi wakamwita Madam Onjaonja. Mimi ndiye niliyeonjeshwa mabaki. Wiki ya dobi, mashati yangu yalipigwa wanga mpaka nikawa siwezi kukunja mikono kula. Wiki ya mapokezi, niligonga mlango wa chumba changu mwenyewe nikaambiwa, "Karibu sana bwana, una miadi?" Nikasema sina. Akasema basi ungoje, nami mjinga nikangoja! Majirani walivunjika mbavu.

Sasa mwaka huo alikuwapo binti mmoja wa fani ya majokofu na viyoyozi, nikimwita Cheko mtamwelewa. Darasani hakuna aliyemfikia. Walimu wake walisema binti huyu akilisikiliza jokofu linavyonguruma anakwambia ugonjwa wake. Lakini alikuwa na tatizo lake: akiogopa, anacheka. Kicheko kitupu, cha mbavu, machozi yanamtoka, na kadiri anavyojizuia ndivyo kinavyomshinda. Karakana ya kwanza aliyopelekwa, mwenye nayo alimwambia kazi zimelala kwa sababu amemzika mama mkwe wake. Cheko akacheka. Akatolewa nje kabla hajakaa kitini. Ya pili alidondosha spana, bosi akafoka, naye akamcheka bosi usoni mbele ya wateja. Ya tatu ilikuwa ya hoteli, nayo sisimulii, mwenyewe bado ana hasira.

Habari zikaenea, mafundi wanaambiana. Ikawa mke wangu akipiga simu na kutaja majokofu, anaulizwa, "Si yule anayecheka?" na simu inakatwa. Na mwisho wa mwezi ndio ulikuwa mwisho wa kupeleka majina. Jina la Cheko likikosa mahali, mwaka wake wote umekwenda na maji, na kaka yake aliyemsomesha kwa kubeba mizigo alishasema wazi kwamba mwaka mwingine hauwezi. Binti alikuja kwetu siku moja kuaga kabisa. Alikaa kwenye kibaraza anatuaga huku anacheka, na nikaona jinsi mtu anavyoweza kucheka mpaka ukatamani umfunike na shuka. Roho iliniuma kwelikweli.

"Huyu," mke wangu akaniambia alipoondoka, "anataka fundi mmoja tu. Fundi asiyefoka mtu akikosea. Asipofokewa hataogopa, asipoogopa hatacheka." Nikamwambia, Mama Pacha, fundi wa namna hiyo hajazaliwa. Akasema, "Yupo. Nimesikia yupo nyuma ya soko la samani. Nishonee ovaroli nyingine, ile imebana."

Ukiwa unatoka soko la samani unakuta geti la bati, na ndani uwanja umejaa majokofu yamesimama milango wazi. Mwenyewe wanamwita Fundi Baridi. Ni mtu mrefu, mpole, anaongea taratibu, na kwenye karakana yake alikuwa amebaki peke yake. Siku ya kwanza tu alimweleza mke wangu sababu. Msaidizi wake wa mwisho alimdanganya mteja kwamba kompresa, ule moyo wa jokofu, imekufa ili amuuzie nyingine. Alimfukuza siku hiyo hiyo. "Mama," akasema, "mimi kosa la mkono nafuta na tambara. Kosa la mdomo sina tambara lake." Mke wangu alinisimulia maneno haya jioni anacheka, hajajua kwamba yatamrudia yeye mwenyewe.

Alirudi kila siku anang'aa. Fundi Baridi alimpa vifaa mkononi tangu asubuhi ya kwanza. Alimweleza kila kitu mara mbili, na ya pili taratibu zaidi. Nyumbani friji yetu haikupumzika. Ilifunguliwa mgongo, mpira wa mlango ukabanwa na karatasi kuona kama unashika, na maziwa yangu yakawa nje yanangoja daktari amalize.

Ikafika siku ya kosa. Karakana ilikuwa na jokofu kubwa la bucha lililowatesa sana. Kila likijazwa gesi, baada ya siku chache limekwisha, nyama inaharibika, mwenye bucha anakuja analia kama mfiwa. Namna ya kutafuta mahali panapovuja ni kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, na gesi ikiwa inatoka povu linavimba. Fundi Baridi alikuwa amepaka maungio yote, mbele na nyuma, hakuona kitu. Akampa mke wangu kopo la povu na brashi, akamwambia arudie maungio ya nyuma, polepole. Mke wangu akaona hapa ndipo. Akajikwaa makusudi, akamwaga kopo zima mbele, kwenye mlango, mahali ambapo hata mtoto anajua hapana bomba.

Kisha akatulia, akamtazama fundi usoni.

Fundi Baridi akatazama povu linavyotiririka. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, "lakini yanafutika. Chukua tambara mama, halafu njoo nikuonyeshe brashi inavyoshikwa." Mke wangu alitaka kumkumbatia! Cheko amepata fundi! Akainama kufuta, na hapo ndipo alipoona povu kwenye skrubu moja ya komeo la kufuli linapanda, linavimba, linapasuka, linavimba tena.

Komeo lile alilifunga mwenye bucha mwenyewe, kumzuia shemeji yake asiibe maini. Na ndani ya fremu ya mlango, kumbe, kuna kijibomba chembamba kinachozunguka kuzuia mlango usitoe jasho. Skrubu ilikuwa imekidunga. Gesi ilikuwa inatokea pale siku zote, na hakuna aliyewahi kuwaza kupaka sabuni kwenye kufuli!

Fundi Baridi, yule mpole, aliruka juu. Akaita majirani. Akamshika mke wangu mabega. "Mama! Wewe umetumwa na nani wewe?"

Mke wangu akadhani amegunduliwa. "Ni... ni chuo," akasema.

"Basi chuo kisinitumie mtu mwingine! Mimi nina nafasi moja tu ya mwanafunzi, gari langu la kazi kiti cha msaidizi ni kimoja, na nafasi imejaa. Ukimaliza mafunzo, kazi ni yako." Na papo hapo akachukua simu akampigia mkuu wa chuo. Mkuu alisikia tu kwamba mwanafunzi wake amesifiwa, akapiga kelele asante, asante sana, bila kuuliza mwanafunzi gani.

Jioni mke wangu aliingia nyumbani akaketi juu ya nguo za mteja nilizokwisha kupiga pasi. Anacheka, kisha anashika kichwa, kisha anacheka. "Baba Pacha, nimeajiriwa."

"Hongera!"

"Hongera ya nini? Nimechukua nafasi ya Cheko!"

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mke wangu aliyetumwa kuonja, amemaliza chungu, na mwenye njaa bado yuko mlangoni ameshika sahani. Nilicheka mpaka nikashuka kwenye kigoda. Alinitazama kwa jicho ambalo nisingependa mtazamwe nalo, nikapanda tena kwenye kigoda.

Nikamwambia mwambie ukweli. Akasema ndiyo, na tambara la kosa la mdomo atalitoa wapi? Fundi akijua kwamba siku zote hizo amechunguzwa na mtu mwongo, si Cheko tu, chuo kizima hakitakanyaga pale. Hapana. Njia ilikuwa moja, afukuzwe kwa uzembe wake mwenyewe, nafasi iwe wazi, kisha Cheko apelekwe kama mtu mwingine kabisa.

Basi nyie! Jaribuni kufukuzwa na mtu mwenye subira muone kazi yake. Alichelewa mpaka jua likapanda, Fundi Baridi akamwambia, "Kuchelewa kupo mama, una familia." Akasema anaogopa moto wa kuungia mabomba. "Vizuri, anayeogopa moto haungui," na akafundishwa upya kuanzia kiberiti. Akachanganya skrubu zote za majokofu matatu kwenye ndoo moja. Fundi akaketi naye chini wakazipanga, na wakati wanazipanga akamfundisha tofauti zake, na mke wangu akarudi nyumbani anajua skrubu kuliko mtu yeyote mtaani. Kila akiharibu, anaerevuka. Alikuwa karibu kulia.

"Imebaki wewe," akaniambia.

"Mimi nani?"

"Mume mkali. Utakwenda kule useme hutaki mkeo afanye kazi na mwanamume, unichukue, tumalize."

Mimi jamani sijawahi kugombana na mtu asiyeniletea kitambaa kifupi akataka suruali ndefu. Lakini mke wangu alinikalisha mbele ya kioo. "Kunja uso. Zaidi. Hapana, hapo unaonekana unaumwa tumbo. Toa kifua. Baba Pacha, kifua, si kitambi!" Nikafoka kwa mazoezi, "Mke wangu haendi popote!" na jirani wa ukuta wa pili akaitikia, "Kuna nini tena huko?" Nikamwomba radhi. Mke wangu akasema mume mkali haombi radhi.

Nikaenda. Nilifika getini nimekunja uso mpaka unaniuma, nikasema kwa sauti nene, "Mwenye hapa ni nani?"

"Karibu mzee," Fundi Baridi akasema, akafuta kiti. "Bila shaka wewe ndiye baba wa nyumbani kwake mama. Amenisimulia sana habari zako. Anasema hakuna mkono unaokata koti kama wako."

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikaketi. Chai ikaja. Nikamtafuta mke wangu kwa macho, yuko nyuma ya jokofu ananifanyia ishara ya ngumi, fokaa! Nikafungua mdomo nifoke, nikaona turubai la gari lake limechanika vibaya, limeshonwa na waya. Na waya, jamani, kwenye turubai! Nikamuuliza nani kakufanyia unyama huu. Akasema mwenyewe. Nikamweleza turubai linavyoshonwa. Akasikiliza kwa heshima ambayo sijaipata kwa wateja wangu maishani. Tukapima turubai pamoja, mimi ninashika huku, yeye anashika kule. Wakati wa kuondoka nikakumbuka kazi iliyonileta, nikakunja uso, nikasema, "Na huyu mke wangu..."

"Ndiyo, mzee?"

"Ni mtu mzuri sana," nikasema, nikaondoka.

Ile jioni sitaisahau. "Nilikutuma ukagombane," mke wangu akasema, "umerudi na oda!"

Mwezi ulikuwa unakatika. Asubuhi moja aliamka, hakuvaa ovaroli. Alivaa gauni lake la ofisini na miwani yake. Akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, na yetu imefika. Twende kwa Fundi, na Cheko aje." Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema hana, akachukua mkoba wake.

Fundi Baridi hakumtambua kwanza kwa ile miwani. Kisha akatabasamu, na mke wangu akamwambia yote, amesimama, bila kuzungukazunguka. Kwamba yeye ni mtu wa ofisi. Kwamba huwa anaonja mahali kabla ya kuleta mtoto wa watu. Kwamba hii ndiyo karakana bora aliyowahi kuingia, na kwamba mwenye nafasi hii ni binti huyu hapa. Kadiri alivyosema ndivyo lile tabasamu lilivyokuwa linaondoka.

"Kwa hiyo lile povu ulilimwaga makusudi."

"Ndiyo, Fundi."

"Na kuchelewa? Na skrubu?"

"Makusudi."

Akanigeukia mimi. "Na wewe mzee?"

"Mimi ni mume wake wa kweli," nikasema. "Ila ile hasira nilishindwa."

Hakucheka. "Mimi nilirudi nyumbani," akasema taratibu, "nikawaambia wanangu baba yenu amepata mtu. Mtu anayependa hii kazi. Nikawaambia sasa sitachoka tena." Kumfokea mke wangu hakumfokea, na ingekuwa nafuu angefoka. Na hapo, Mungu wangu, Cheko akaanza. Kwanza puani. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kikamtoka. Akacheka, machozi yanamwagika, anatikisika mabega, na Fundi Baridi anamtazama kama mtu aliyepigwa kofi baada ya kuibiwa.

"Ondokeni," akasema. "Sina ugomvi na mtu. Ondokeni tu."

Tukatoka. Mke wangu mbele, kichwa chini, Cheko katikati bado anacheka, na mimi nyuma sijui nimshike nani. Tulipofika getini nikagundua katikati hapana mtu. Binti amerudi. Yeye ambaye kila mahali akifukuzwa hukimbia, alikuwa amesimama tena mbele ya Fundi, ameshika mbavu.

"Sikucheki wewe," akasema, na ilimchukua muda, maana kila neno lilikatwa na kicheko. "Nikiogopa nacheka. Nilicheka kwenye msiba wa bibi yangu mpaka wakanitoa nje. Siwezi kujizuia. Nikikaa hapa nitakucheka tena, hata mbele ya wateja wako. Nakwambia mapema usije ukasema nilikudanganya. Lakini mkono wangu hautetemeki."

Fundi Baridi akaokota vipande viwili vya bomba la shaba, akawasha moto wa kuungia, akampa. "Unga," akasema.

Mke wangu alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniingia. Cheko aliinama. Mabega yanatikisika, kicheko kinatoka, machozi yanadondoka kwenye ovaroli ya chuo, na ile mikono, wallahi, ilikuwa imetulia kama si yake. Moto ukazunguka bomba polepole. Mimi natunga uzi kwenye sindano tangu ujana wangu, najua mkono uliotulia nikiuona.

Fundi akaingiza hewa kwenye bomba, akapaka povu. Tukangoja. Kwa chini kabisa kikavimba kipovu kimoja kidogo. Ameacha tundu! Cheko akakiona, akashindwa kabisa, akacheka mpaka akachuchumaa.

Fundi Baridi akachukua tambara, akafuta povu, akamrudishia moto. "Hapa chini hukupapasha vya kutosha," akasema. "Hebu njoo nikuonyeshe tena."

Sisi tulibaki pale getini kama watoto wanaochungulia harusi. Kicheko kilipungua, kikawa cha vipindi, kikawa pumzi tu, halafu kikakoma, na tukasikia sauti ya binti ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa kavu, bila kicheko, inauliza kwa nini shaba inabadilika rangi. Na Fundi anajibu. Wakaendelea hivyo, anauliza, anajibiwa, mpaka nikaona wametusahau.

Mwishowe Fundi Baridi akaja getini. Uso wake bado ulikuwa umenuna, lakini si sana. Akamwambia mke wangu, "Mama, wewe umefukuzwa. Kwa uongo. Usikanyage tena hapa na ovaroli."

Mke wangu alipiga kigelegele mpaka wauza samani wakatoka nje. "Nimefukuzwa!" akaruka, mtu mzima na miwani yake, "Baba Pacha, nimefukuzwa!" Mwanamke mmoja aliyebeba kiti kichwani akamwambia pole dada. Akajibu, "Pole ya nini? Nipe hongera!" Yule mama akampa hongera, akaharakisha hatua. Mimi nami nikacheza, sioni aibu kusema, nilicheza pale barabarani na futi yangu shingoni.

Tuliondoka tumeshikana mikono kama wachumba. Alisema mfululizo, jinsi atakavyomwandikia mkuu, jinsi kaka wa Cheko atakavyosikia, na vijana wengine wangapi bado wako benchini. Tulipofika mahali wanapouza magodoro akasimama. Nikamtazama, naona anavua miwani anaifuta kwa upindo wa gauni.

"Unalia?"

"Silii." Akatembea hatua kidogo. "Maisha yangu yote natafutia watu kazi. Mtu kuniambia mimi kazi ni yako, ilikuwa mara ya kwanza. Na niliipenda, Baba Pacha. Zile siku nilizokuwa naharibu, jioni nilikuwa naona uchungu. Ile kazi ningeiweza."

"Ungeiweza," nikasema.

"Unasema hivyo kwa sababu ni mimi."

"Nasema hivyo kwa sababu friji yetu haijawahi kuwa na baridi kama sasa."

Akacheka huku bado analia, akavaa miwani, akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia bado ni asubuhi. Akasema basi anapitia chuoni, kuna kijana wa useremala anamngoja tangu juzi.